Makombe ya Fundi Saa

Jirani yangu ni dobi, na ulimi wake ni mkali kuliko sabuni yake. Kwa miaka yote ulimi huo ulikuwa na kazi moja kubwa, kumsema mumewe. Mume alikuwa fundi saa, mpole kupita kiasi, na kila Jumapili alikwenda ufukweni peke yake kuokota makombe. Jioni alirudi mifuko imetuna. Ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo yaliyofuata niliyajua kwa moyo.

"Bwana we, hii ni nyumba au ufukwe? Simama hapohapo, kung'uta mifuko!"

"Nakung'uta, mama watoto. Lakini mwone huyu kwanza."

"Nimwone nani? Takataka hizo!"

Kipenda roho hula nyama mbichi. Mzee wa watu alikung'uta, akaingia, akayapanga makombe yake kwenye rafu juu ya meza ya kazi. Palikuwa na simbi zenye madoadoa, makombe ya rangi ya waridi, na moja la zambarau alilolifuta kwa kitambaa kilekile cha kufutia vioo vya saa.

Mwaka huu fundi saa alifariki. Watoto walikuja, wakamzika baba yao, wakarudi kwenye kazi zao. Nyumba ile ikanyamaza, na mimi niliyezoea kulalamikia kelele zao nikaanza kuzitamani.

Kisha binti yao akapiga simu kwamba anakuja mwisho wa mwezi. "Mama, vitu vyake vingine gawa, ila makombe ya baba niwekee. Sina kingine cha kumkumbukia."

Dobi alifurahi. Akaona aibu kumpa mtoto vitu vyenye vumbi. Mwanamke yule hajui kumpenda mtu ila kwa kumfulia, basi akayamwaga makombe yote kwenye beseni, akatia dawa ya kung'arishia mashuka, tena hakubana mkono, akayaacha yalowe mpaka kesho yake. Dawa inayotoa madoa ya damu ingeshindwaje na vumbi?

Asubuhi nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Makombe yote yalikuwa meupe kama chaki, hayana madoadoa, hayana mng'ao. La zambarau hata hakulitambua.

"Jirani," aliniambia, "nimemfua mume wangu mpaka hakubaki kitu."

Nilimsaidia kumwaga maji.

Jumapili iliyofuata nilimwona anarudi kutoka ufukweni, mifuko ya gauni imemlemea, mchanga hadi magotini. Alifika mlangoni kwake akasimama. Akasimama mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

"Umepoteza funguo?"

"Funguo ninazo."

"Sasa mbona huingii?"

Akatazama mifuko yake. "Hakuna wa kunigombeza."

Roho iliniuma vibaya. Nikashika kiuno, nikapaza sauti, "Mwanamke we, hii ni nyumba au ufukwe? Simama hapohapo, kung'uta mifuko!"

Alicheka, kisha akalia. Akakung'uta mchanga wote, akaingia, akafunga mlango.

Nami nikarudi kwangu. Kupitia ukuta nikasikia makombe yakiwekwa kwenye rafu, moja moja, kisha sauti yake, ya chini sana: "Mwone huyu kwanza."