Mbwa Aliyekuja Karibu Mno

Githinji alikwenda Doha mwaka 2013 kuwa dereva. Alikaa mtaa wa Al Mansoura mwaka mmoja, kisha kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, akamhamishia shambani kwake, mbele ya mji wa Lusail, akalinde swala. Mzee huyo alifuga swala thelathini, na mbwa mwitu wa jangwani walikuwa wakiwararua mmoja mmoja.

"Wewe ulilinda ranchi kule Laikipia," kafili alimwambia. "Bunduki unaijua."

Akampa bunduki yenye darubini ya kuonea gizani. Githinji alijua kibali cha silaha hakikuwa na jina lake, ila aliipokea. Wiki ya kwanza aliua mbwa mwitu wanne, wote kwa umbali wa hatua mia hivi. Kwenye kioo waling'aa kijani, kisha wakaanguka kama nguo zilizochomoka kambani.

Jirani yake wa pekee alikuwa Reuben, Mganda aliyelinda shamba la pili. Kila Ijumaa walipika ugali pamoja, na mifupa alipewa Kyeyo, mbwa jike wa Reuben. Jina hilo ndilo Waganda wanaloviita vibarua vya ughaibuni.

Usiku mmoja wa Februari swala walianza kukimbia ovyo. Githinji akainua bunduki. Darubini ile ilikuwa imepimwa kwa shabaha ya mbali. Kwa karibu ilionyesha ukungu tu. Ndani ya ukungu huo macho mawili yalimjia moja kwa moja. Hatua kumi. Hatua sita. Akafyatua, na risasi ikapiga chini ya pale alipolenga. Mnyama alilia, akajikokota hadi miguuni pake. Githinji akawasha tochi. Alikuwa Kyeyo, taya limevunjika, mkia bado unatikisika.

Ilibidi apige tena.

Alfajiri alimbeba kwa blanketi hadi kwa Reuben.

"Nilidhani ananirukia."

Reuben alifunua blanketi, akalifunika tena. "Alikuja kukusalimia, Githinji. Hukumwona?"

"Haki ya Mungu, sikumwona."

"Basi niachie nimzike."

Asubuhi hiyo swala wawili walikutwa wameraruliwa. Kafili alitazama mizoga, akaleta risasi zaidi. Githinji alimwomba amrudishe kwenye udereva. Akaambiwa labda baada ya Ramadhani. Akaendelea kulinda, lakini chochote kilichomkaribia alikiacha kipite, na swala wakazidi kupungua.

Reuben hakumsemesha tena. Mkataba wake ulipoisha mwezi Juni, alipita langoni ndani ya teksi, begi mapajani, uso ameugeuzia upande wa pili.