Ubao Uliopakwa Rangi

Watu wa Misigiri husema Anselm ana hasira za karibu. Sawa, anazo. Lakini mtu akiharibiwa kazi ya miaka mitatu, acheke?

Anselm alikuwa fundi redio, na shule yake ilikuwa redio mbovu za watu. Mwaka ule wa vita vya Kagera tegemeo lake lilikuwa ubao mmoja: kipande cha mninga, urefu wa mkono, alichokipigilia misumari arobaini. Kabla ya kulehemu chochote, alizungusha miguu ya vipande vya redio kwenye misumari hiyo, akaviunganisha kwa nyaya, akasikiliza. Ikigoma, anahamisha waya mmoja, anajaribu tena. Koili, nyaya zilizoviringwa, alizigandisha kwa nta ya nyuki, maana kwao nta haikosekani. Njia za umeme alizichora kwa penseli juu ya ubao, na kila mstari aliupata baada ya kukosea.

Wiki ile ubao ulibeba redio ya mama Damari, matumbo nje. Mwanawe Alute alikuwa vitani, na kila asubuhi mama huyo alipita kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imesema?"

"Bado kidogo. Kesho itasema."

Kesho yake Anselm alikuwa kwenye zamu ya shamba la ujamaa, jembe mkononi, wakati Antipasi, mwenyekiti wa kijiji, alipoingia kwake bila hodi. Mgeni alikuwa anakuja kutoka mkoani kuona kujitegemea kwa vitendo, na ubao ungefaa kuonyeshwa. Anselm aliporudi alikuta kopo tu, vipande vya redio ya Damari vimechanganywa humo kama choroko na kunde. Ubao aliukuta ofisi ya kijiji, umepakwa rangi ya kijani, mti na misumari yote, unang'aa.

"Tumekupambia, Ndugu Fundi," alisema Antipasi.

"Mmeuua! Umeme haupiti kwenye rangi! Na michoro yangu iko wapi?"

"Mgeni wa mkoa aonyeshwe mistari ya penseli?"

Asiyejua maana haambiwi maana, lakini Anselm alimwambia tu, na nusu ya kijiji ikasikia. Kufundishwa kujitegemea na mtu asiyeweza hata kubadili betri za tochi!

Mgeni alifika, akausifu ubao, kisha akasema jambo ambalo Antipasi hakulitarajia: "Hebu tuusikie."

Antipasi akamgeukia fundi, ametoa meno. Anselm hakumtazama. Aliketi sakafuni na kopo la Damari, akatoa kisu, akaanza kukwangua msumari mmoja baada ya mwingine, rangi ikidondoka kwenye viatu vya mwenyekiti. Michoro ilikuwa imefutika, hivyo aliifuata kichwani. Alikosea mara mbili, akatukana kwa Kinyiramba, na hakuna aliyethubutu kumkanya. Damari alikuwa amesimama mlangoni. Mgeni, kuona saa zinakwenda, akaanza hotuba yake.

Katikati ya hotuba spika ilikoroma, kisha ikatoka sauti ya mtangazaji, safi kabisa, ikitaja Kagera. Watu wakapiga makofi. Antipasi alipiga kuliko wote.

"Hayo ndiyo matunda ya uongozi wa kijiji!" alipaza sauti, na mgeni akakohoa ili aendelee kuhutubia.

Damari akapita katikati yao wote wawili, akapiga magoti kando ya ubao.

"Nyamazeni," alisema. "Mwanangu yuko huko."