Lori Tisa na Toroli

Mkadiria kifusi haoni nyumba. Anaona kifusi ambacho bado kimesimama. Kabla jengo halijavunjwa, huugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akautegea sikio, akafumba jicho moja na kutamka: “Lori kumi, na toroli moja.” Kifusi kikishazolewa, hata toroli hilo halikosekani. Ubaya ni kwamba kidole chake hakijui mapumziko. Ukumbi wa harusi yake mwenyewe aliukadiria bibi harusi akiwa mkononi.

Ndiyo maana siku mama mkwe alipohamia nyumba mpya, aliyoijenga tofali kwa tofali mpaka mvi zikamuota, mkewe alimshika mkono tangu getini. “Leo nisitiri, mume wangu.” Akaitikia. Akaamkia vizuri, akasifu mapazia. Mkewe alipomwachia ili apokee soda, ko ko ko!

“Lori tisa, mama,” akasema, “na toroli moja.”

Mkewe akatamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe akaweka sinia chini taratibu.

“Na ya jirani?”

Akachungulia nje, akafumba jicho. “Sita. Toroli hakuna.”

Mama mkwe akalifungua dirisha lote.

“Rudia, mwanangu,” akasema. “Kwa sauti.”