Shamba Tulilolinyima Mbolea

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa kutaka kusaidia. Nilikuwa nimeshuka treni Kilosa bila mpango, kama nilivyoshuka kwingi tangu nilipoacha shule darasa la tano, nikapata kibarua kwenye shamba la utafiti wa mahindi upande wa Mikumi. Nikaona samadi pembeni, nikaichota kuyatilia mahindi.

"Wewe! Mimi nawafunza njaa, wewe unawashibisha?"

Huyo alikuwa mtafiti mkuu wetu. Sote tulimwita Dokta.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Rudisha samadi."

Nilimuuliza sababu, naye akanieleza. Udongo ule ulikuwa na upungufu wa fosforasi, chakula kinachoupa mmea mizizi na nguvu. Mahindi yakiikosa hudumaa, majani yakawa ya zambarau. Dokta alitafuta mbegu ya mkulima asiye na uwezo wa kununua mbolea, mbegu inayojitafutia kidogo kilichomo ardhini. Ndiyo maana shamba lile lilinyimwa mbolea miaka na miaka, ili mahindi dhaifu yajionyeshe yenyewe.

Mimi mtu wa kuhamahama nikakaa. Nilijifunza kuchavusha: unafunika gunzi changa kwa mfuko wa karatasi kabla halijatoa ndevu, kisha unalimwagia chavua ya ukoo wake tu, yaani aina yake ya mbegu. Nikapanda cheo hadi kuwa msimamizi wa shamba. Mwaka hadi mwaka koo zikachujwa, zikabaki tano. Ulibaki msimu mmoja wa kuchagua moja, na Dokta alikuwa anatibiwa Morogoro.

Siku ya kupanda, meneja mpya wa kituo akaja na mifuko ya mbolea.

"Kila shimo litiwe. Tunatembelewa na wakubwa."

"Bosi, hapa hapatiwi mbolea. Hatuna shamba jingine lenye njaa kama hili."

"Mzee, unataka wapige picha mahindi yenye utapiamlo?"

Vibarua wakacheka. Nilikataa, akawapa wao. Nilimpigia Dokta, simu haikupokelewa.

Mahindi yaliporefuka, wageni walikuja wakapiga makofi. Dokta aliporudi, amekonda, nguo zinampwaya, alipita mistari yote mitano polepole. Yote ilikuwa ya kijani, mirefu, sawasawa.

"Yamependeza," alisema. Kisha akauliza, "Mbolea hii itakaa humu misimu mingapi?"

"Wewe ndiye Dokta."

"Mingi kuliko yangu."

Tulimzika kabla ya mvua zilizofuata. Niliendelea kuzipanda zile koo bila mbolea, mbegu zisife, na kila mwaka zilistawi zote. Sijawahi kuhuzunishwa hivyo na mahindi mazuri. Wakulima wa milimani Mamboya walikuwa wakiniuliza mbegu itatoka lini, nikawa nawakwepa sokoni.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya kukabidhi, mtafiti aliyechukua nafasi ya Dokta, binti mpole, aliziangalia mbegu ghalani.

"Babu, kati ya hizi tano, marehemu alipenda ipi?"

"Alikataa kupenda hata moja kabla hajaiona ikiwa na njaa."

Nikampa ufunguo wa ghala.