Nyota tano nilizogawa kwa bando nusura zinikoseshe mke

Wakuu, za mapumziko. Leo sijaja kubishana na mtu kuhusu kamera wala betri. Nimekuja kujianika mwenyewe, na kila ninachoandika kimetokea. Majina tu nimebadilisha, maana mchumba wangu naye yumo humu jukwaani.

Mnanijua. Mimi ndiye yule wa reviews za app, na mtu akinipinga namshushua kistaarabu.

Sasa kuna jamaa alinifuata inbox. Katengeneza app ya ratiba, ya Kiswahili mwanzo mwisho. Unaandika tukio, yenyewe inawaarifu wote wanaohusika. Akaomba review nzuri, akanirushia bando la GB kumi.

Nikaandika: "Nyota tano. Nimeitumia wiki mbili, haijawahi kuniangusha."

Wakuu, hata kuifungua sikuwa nimeifungua. Ndiyo, njaa. Endeleeni kusoma.

Ikaja habari ya posa. Mchumba wangu, tumwite Zuhura, kwao Magomeni. Mshenga wangu ni Mjomba Selemani wa Ilala, mstaafu, mtu ambaye hachelewi hata msiba wa jirani asiyesalimiana naye. Mjomba aliisoma ile review, akaipakua app siku hiyohiyo. "Ukishasema wewe, mimi sina swali," akaniambia.

Siku ya kupeleka barua, Zuhura kanipigia asubuhi.

"Baba leo ana shifti bandarini, anatoka nyumbani saa saba. Wazee wafike saa nne. Akishaondoka, kasema barua warudi nayo."

Hakuwa anatania. Yule mzee kesharudisha barua mbili kabla ya yangu.

Hapo mtu mwenye akili angempigia Mjomba. Mimi na mbwembwe zangu nikafungua app kwa mara ya kwanza, nikamchagua Mjomba, nikaandika: Magomeni, 4:00. Ikajibu: "Mjomba Selemani amearifiwa." Nikajiona nimeendelea.

Sasa mnajua, posa muoaji haendi. Anakaa mbali anasubiri habari. Nikaenda Kariakoo kwa fundi wangu Chidi kupoteza mawazo. Shida yangu nikiwa na wasiwasi mikono inawasha. Nikamwambia Chidi leo tunaiflash simu yangu, tunafuta mfumo wote, tunaweka mpya niliouona humuhumu.

"Siku ya posa yako?" Chidi akaniuliza.

"Dakika ishirini tu, kaka."

Ikagandia kwenye nembo. Tukazima, tukawasha, nembo. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nembo.

Saa sita kasorobo nikamwona Zuhura anashuka kwenye bodaboda, kavaa dera la shughuli. Anajua nisipopatikana hewani niko kwa Chidi.

"Wazee wako wako wapi?"

"Si wapo kwenu?"

"Kwetu kuna sinia la pilau limepoa, na baba anapiga pasi ovaroli!"

Wakuu, nikamwomba simu yake. Bahati namba ya Mjomba iko kichwani, hajaibadilisha tangu niko shule. Nikapiga kwa simu ya Zuhura.

"Shikamoo, Mjomba. Mko wapi?"

"Marahaba. Niko nyumbani nimejinyoosha. Si saa kumi jioni?"

"Saa nne asubuhi, Mjomba!"

"Simu imesema saa kumi. Sasa nikuamini wewe au niiamini app? Wewe mwenyewe uliandika haijawahi kukuangusha."

Yaani Kiswahili cha ile app kilikuwa cha usoni tu. Ndani inahesabu saa za Kizungu. Mimi 4:00 yangu ni saa nne, jua linachoma. Yenyewe ikaona ile ya alfajiri imeshapita, ikasogea mpaka ya jioni, halafu ikamtafsiria Mjomba kwa Kiswahili fasaha: saa kumi. Kosa ambalo Mbongo yeyote angeligundua siku ya kwanza, achilia mbali wiki mbili.

Ikabidi nimwambie Zuhura ukweli wote palepale mezani kwa Chidi. Kapanda bodaboda, huyo Magomeni.

Mjomba kavaa kanzu juu ya msuli, kazoa wazee wenzake wawili, wakajibana kwenye bajaji. Namshukuru Mungu siku hiyo barabara ya Jangwani haikuwa na mafuriko. Walifika saa saba kasoro dakika tano, baba mkwe yuko mlangoni na begi begani.

Akawauliza sababu ya kuchelewa. Mjomba hajui kudanganya, ndiyo ubaya wake. Akatoa simu, akaisoma review yangu kwa sauti mbele ya wazee wote.

"Wiki mbili?" baba mkwe akauliza.

"Kaandika wiki mbili."

"Aliitumia kweli?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Hata kuifungua hakuifungua, baba." Zuhura, najua unasoma. Hapo bado sijakusamehe.

Mzee akaipokea barua, akaitia kwenye begi, akaenda zake kazini.

Siku nne nasubiri majibu. Simu ilipofufuka, kitu cha kwanza nikafuta ile review, nikaandika nyingine: nyota moja, na kisa chote, pamoja na bando. Jamaa wa app akanitukana wee, kisha akarekebisha saa.

Majibu ya barua yakaja kwa mwandiko wa baba mkwe mwenyewe:

"Posa tumeipokea na tumeridhia. Kuhusu kijana, nyota tatu. Tano hatuwezi kumpa, hatujakaa naye wiki mbili."

Mjomba kaisoma mara mbili, kacheka mpaka kofia ikadondoka. Mimi nilikaa chini nikalia, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: ukimsifia mtu kitu usichokijua, wa kwanza kukuamini ni anayekupenda. Na siku ya posa, simu iache ilivyo.

Kikao cha mahari ni Jumapili, saa nne asubuhi. Mjomba nimeshampigia mara tatu.

Haya wakuu, nitukaneni, nimeyataka mwenyewe. Ila mlioanza na nyota chache ukweni, hebu nielekezeni: zilipandaje?