Aurica na Dirisha Letu

Nitawaeleza habari za Aurica, nesi wa kijiji chetu, na nisikilizeni mimi, kwa sababu hakuna aliyemchunguza kama nilivyomchunguza. Ndugu zake wanamjua kwa mapenzi. Mimi nilimjua kwa wivu, na mwenye wivu hapitwi na kitu.

Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kisimani. Alikuwa na miguu mizuri, hilo siwezi kulikana. Siku za hora, watu wakishikana mikono na kucheza duara uwanjani, wavulana walisukumana wapate kusimama kando yake. Valeriu alikuwa mmoja wao, na mimi nilikuwa upande wa pili wa duara, nikiwatazama. Kisha Aurica akaenda mjini kusomea unesi, akarudi, akaolewa na dereva wa trekta, na Valeriu akanioa mimi. Wanawake wakasema nimeokota alichoacha mwenzangu. Walisema kwa utani, lakini mimi sikucheka.

Dereva wa trekta alikufa mapema. Kwao walisema ni moyo. Aurica akabaki na zahanati, baiskeli, na nyumba isiyozibwa madirisha. Sisi wote, ikifika Oktoba, tunapika gundi ya unga, tunaipaka kwenye vipande vya karatasi na kuziba kila upenyo mpaka Pasaka, maana kila mtu hapa Moldova anajua kwamba upepo unaopita ndani ya nyumba ndio unaoua watu. Yeye hakuziba hata baridi ilipopasua ndoo. Tulimcheka kwamba anawaotesha shomoro moto.

Krismasi moja Valeriu alirudi kutoka kwenye ujenzi wa Moscow, suruali inamvuka na kifua kinakoroma. Tulikuwa watano katika chumba kidogo chenye jiko: yeye, mimi, mama mkwe Efimia, na watoto wetu Doina na Sandu. Alikohoa baridi yote, akakohoa kiangazi, na wakati wa kuvuna zabibu akatema damu kwenye kikapu. Majibu ya makohozi yakarudi: kifua kikuu.

Na nani aliyeyaleta? Aurica, juu ya baiskeli, barakoa usoni, na macho yale yale ya kwenye hora.

Alimkuta mama mkwe anachemsha kijiko cha Valeriu kwa mara ya tatu.

“Mama Efimia, kiacheni kijiko cha watu,” akasema. “Ugonjwa huu haukai kwenye kijiko. Uko kwenye hewa mnayopumua pamoja. Alale peke yake wiki hizi za kwanza. Chumba kikubwa kiko wazi?”

“Chumba kikubwa!” mama mkwe akapiga ishara ya msalaba. “Humo analazwa maiti, mwanangu. Maiti, bwana harusi na mgeni!”

“Basi alale kama mgeni, ili asilale kama maiti. Na dirisha lifunguliwe.”

“Upepo utamuua kabla ya kifua!”

“Mfunikeni mablanketi matatu. Dada Eugenia, nawe ulete watoto zahanati wapimwe. Wewe na mama pia. Msichelewe.”

Mazulia ya chumba kile niliyafuma mimi, miaka mitatu ya usichana wangu, na sasa mwanamke huyu ameingia kwangu, kamtoa mume wangu kitandani kwangu na kumlaza anapotaka yeye, dirisha wazi kuelekea njia anayopita kila siku. Nyinyi mngefikiri nini?

Kila asubuhi alikuja na vidonge. Hakuingia ndani. Alisimama uani chini ya mzabibu, akampa Valeriu dirishani, akamtazama akimeza, na Valeriu akafungua kinywa na kumwonyesha ulimi kuthibitisha. Mimi miaka kumi na miwili nimempikia mamaliga, ugali wetu wa mahindi, na hajanionyesha ulimi hata siku moja! Kisha walizungumza, sauti za chini. Mara nyingine Valeriu alicheka. Nilikuwa zizini nikikamua mbuzi, na maziwa yalimwagika nje ya ndoo.

Jirani akanipitia na kunichoma: “Eugenia, mumeo anatibiwa au anachumbiwa?”

Moto ukaniwaka. Watoto sikuwapeleka. Nimpelekee watoto wangu naye awashike, baada ya kumshika baba yao? Hawakohoi, nikajiambia, wana nini cha kupimwa? Nikapika gundi, nikaziba dirisha la chumba kikubwa pande zote nne, karatasi mbilimbili.

“Eugenia, nesi alisema…” Valeriu akaanza.

“Nesi alisema, nesi alisema! Huyo ni nesi au mke mwenzangu? Vidonge utaletewa mlangoni, nami nitakuwa nimesimama.”

Akageukia ukutani.

Wiki nzima nilisimama mlangoni kama askari. Aurica aliliona dirisha, akaniomba nilifungue, nikamwambia hapa ni kwangu. Vidonge alimpa, akaondoka bila kuzungumza naye neno. Nilijiona mshindi.

Siku ya nane, mvua ikinyesha, nikamkuta Doina chini ya meza anacheza. Alimfunga mwanasesere kitambaa puani. Mwanasesere mwingine, aliyevalishwa soksi, alikuwa mgonjwa.

“Wamekuja?” akauliza kwa sauti nzito ya mgonjwa.

“Bado,” akajibu nesi. “Labda kesho. Wewe meza.”

“Doina, mchezo gani huo?”

“Baba na shangazi Aurica. Nilikuwa nawasikia kabla hujaziba dirisha. Baba anamuuliza kila siku, watoto wangu wamekuja kupimwa? Shangazi anasema bado. Halafu baba analia.”

Nikachuchumaa kando yake.

“Na walikuwa wanacheka nini?”

“Baba akikataa vidonge, shangazi anamwambia, meza, la sivyo nitamwita Eugenia akulishe kwa mwiko. Hapo baba anacheka.” Akamlaza mwanasesere wa soksi sakafuni. “Mama, kwa nini hatuendi?”

Nilichukua kisu cha jikoni, nikaingia chumba kikubwa na kukwangua karatasi hadi kucha zikatoa damu. Dirisha likafunguka na mvua ikanyeshea zulia langu zuri kuliko yote. Valeriu alikuwa macho. Nilimwambia, “Tunakwenda sasa hivi, wote.” Alifunika uso kwa blanketi.

Sandu hakuwa na kitu. Mimi na mama mkwe pia. Mkono wa Doina, pale alipochomwa sindano ya kupima, ulivimba ukawa mwekundu. Akapigwa picha ya kifua mjini, kisha Aurica akanikalisha kwenye benchi.

“Hajaugua. Mdudu yumo ndani yake, amelala. Tutampa Doina dawa miezi kadhaa ili mdudu asiamke.”

Nilisubiri aniseme. Kila siku niliyochelewesha ilikuwa siku ya kumwamsha mdudu yule, na yeye alizijua zote, siku kwa siku. Ningekuwa mimi, ningemsema hadi mtaa wa pili wasikie.

“Mume wangu hakufa kwa moyo, alikufa kwa kifua,” akasema. “Mama yake aliona aibu, mimi nikakubali kuficha. Dirisha la chumba chake nililiziba mwenyewe, Eugenia. Nesi mzima.”

Nililia pale, naye akanishika mkono. Hata mikono yake ni laini kuliko yangu, nikaliona hilo katikati ya machozi. Ndivyo nilivyo.

Valeriu amemaliza dawa na suruali inamkaa. Doina bado anameza. Kwangu hudeka, kwa Aurica hufungua kinywa na kutoa ulimi wote. Roho inaniuma kila asubuhi, na kila asubuhi namfungulia lango nesi huyo kabla hajabisha.

Tangu siku ile gundi haijapikwa kwetu. Nyumba mbili tu kijijini hazina karatasi madirishani, yake na yangu, na jirani ananiambia eti namwiga Aurica. Namwiga, ndiyo. Nina watoto wawili humu ndani.