Mlio Niliousikia Peke Yangu

Kasongo, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali, lakini matope ya barabarani hayakukauka.

Mwanangu Zaina, leo ulitoka chumbani na mzigo kichwani na mutoto mgongoni, ukisema umesikia risasi. Mimi nilikuwa barazani tangu sala ya alfajiri, sikusikia kitu. Nikakwambia, "Weka mzigo chini," nawe ukaniuliza, "Baba, unajuaje?" Nilikujibu kwa ukali. Sasa najaribu kukujibu vizuri, ingawa shule niliishia darasa la tano na sijui kama nitaweza.

Ninakumbuka mchana mmoja kule kijijini kwetu Wamaza. Wakati ule wa vita kila nyumba ilikuwa na mzigo umefungwa tayari kando ya mlango. Mutu akipiga kelele, hakuna kuuliza, unabeba, unakimbia. Nilikuwa kijana, nimetoka shamba nimechoka, nikajilaza. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa uani akitwanga mpunga, wewe mgongoni kwake. Usingizi ulipoanza tu kunichukua, mlio mmoja mkubwa ukalia, kama mtu amepiga bati kwa nyundo ndani ya sikio langu. Nikaruka nje: "Wamefika! Wamefika!"

Hapa nisijipendelee, wala nisijionee. Mlio niliusikia, sikuuzua. Lakini nilipotoka mlangoni mama yako alikuwa bado anatwanga. Mchi haukusimama mpaka nilipopiga kelele. Niliona hilo, mwanangu. Niliona, nikaendelea kupiga kelele.

Kijiji chote kikaingia porini. Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, huyu unayemwita mama mkubwa, alikuwa na siku nne tangu ajifungue. Mvua ilitupiga mpaka kulipokucha. Mutoto alikuwa wa kiume. Tulimzika kulekule, siku ya kumpa jina haijafika.

Tuliporudi hapakuwa na nyayo za mtu wa bunduki hata mmoja. Jirani akacheka: "Ee Ramazani, walikupiga na nini, na mihogo?" Nikaona haya. Nikasema nimesikia risasi mbili, upande wa mto. Nilisikia moja, nayo haikuwa na upande.

Mlio ule umenirudia mara nyingi, hata hapa Kasongo, usingizi unapoingia au unapotoka. Muuguzi mmoja aliniambia mlio wa namna hii huwapata watu wengi, si uchawi. Wengine husikia wanaitwa jina. Nadhani alitaka kunituliza. Mimi siku ile aliponiambia ndipo nilipoelewa vizuri nilichokifanya Wamaza, na bado sikumwambia mwenye mutoto.

Leo mchana nilikwenda kumwambia. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua macho nilipokuwa nikimweleza.

"Shemeji, mimi nilikuwa macho," akasema. "Nilikuwa ninanyonyesha. Risasi haikuwako."

"Sasa mbona ulikimbia?"

"Nani angeniuliza mimi? Mwanaume iko napiga makelele, mwanamke wa siku ine atasema, 'ngojeni kwanza'?" Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharagi. "Nilikuwa nakungoja useme. Umekawia sana, shemeji. Enda nyumbani."

Hakusema amenisamehe, nami siandiki kwamba alisema.

Basi mwanangu, shauri langu ni hili, na kama nimelipanga vibaya unisamehe. Mlio ukikuamsha, kaa kwanza kitandani, vuta pumzi, umuulize aliye macho: umesikia? Akisema amesikia, kimbia, usingoje hata viatu, maana hatari za kweli zipo huku kwetu na sitaki siku moja ufe kwa ajili ya maneno yangu. Akisema hakusikia, mwamini, hata akiwa mutoto, hata akiwa mzazi wa juzi ambaye hakuna anayemuuliza. Kama hakuna aliye macho, sikiliza mbuzi na kuku. Risasi huwashtua wao pia. Na ukikosea, sema siku ileile. Usiongeze risasi ya pili.

Mungu akupe usingizi mtulivu. Watoto wako wakue wote, wakuzike wao, usiwazike wewe. Amina.

Jioni tulikula bugali na matembele. Sahani niliyompelekea shemeji ilirudi imefunikwa vilevile.